Si kila aitwaye yatima hana mzazi

Mtu akitoka ng'ambo akasema anatafuta mayatima wa kwenda kuwalea kwao, swali la kwanza ni hili: yatima kwa hesabu ya nani? Kwetu sisi, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla hajabaleghe; mama huwa yupo. Shirika la UNICEF nalo humhesabu yatima yeyote aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Basi katika mamilioni ya mayatima tunaotajiwa, wengi wana mzazi hai.

Yaliyotokea Chad yanaonyesha hatari yake. Oktoba 2007, kundi la Kifaransa liitwalo L'Arche de Zoé lilizuiwa mjini Abéché likitaka kuwapakia ndegeni watoto 103, ati ni mayatima wa Darfur. Uchunguzi ukabaini kuwa wengi ni wa Chad, na wana mzazi hai. Wazee wao walisema waliahidiwa kuwa watoto watasomeshwa.

Hapo ndipo penye mtego. Mzazi hudhani amempeleka mwanawe chuoni, kesho atarudi. Lakini kuasili kisheria ni jambo jingine: mahakama humtoa mtoto kwa waliomzaa, akawa wa wazazi wapya kwa jina na kwa mirathi. Na uchungu wa mwana aujuae mzazi.

Mkataba wa Hague wa 1993 uliwekwa kuzuia haya. Kwanza mtoto atafutiwe mlezi nchini mwake. Ng'ambo ni baadaye. Na ridhaa ya mzazi isinunuliwe. Kenya iliingia mkataba huo 2007, na bado Novemba 2014 serikali ikasimamisha wageni kuasili watoto wetu kwa hofu ya biashara ya watoto. Ethiopia ikapiga marufuku 2018.

Kwa Waislamu, Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua kafala: mtoto asiye na wa kumlea hulelewa, hulishwa na husomeshwa, na nasaba yake haipotei.

Kwa hiyo, ukiletewa karatasi utie sahihi au kidole gumba, itake isomwe kwa lugha uijuayo, kisha ipeleke kwa afisa wa watoto wa eneo lako. Msaada wa kweli hautakimbia kwa kuulizwa.