Mirugi Kariuki, Wakili wa Nakuru

Wakazi wa mitaa ya Rhonda na Kaptembwo waliopiga kura mwaka 2002, pale muungano wa NARC ulipoukomesha utawala wa chama cha KANU uliodumu tangu uhuru wa Kenya, walishiriki kumpeleka bungeni, kwa kiti cha Nakuru Mjini, wakili ambaye alikuwa ameishikilia sheria hata katika siku zile alipokuwa yeye mwenyewe mahabusi wa dola.

Mirugi Kariuki alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1986, serikali ilipokuwa ikiwaandama waliodhaniwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga, akawekwa kizuizini bila ya kuhukumiwa. Zama hizo washukiwa walifungiwa chini ya ardhi katika jumba la Nyayo House, Nairobi, ndani ya vyumba vya giza ambavyo aghalabu vilitiwa maji hata mtu asipate pa kulala. Kisha walipandishwa kwa lifti, macho yamefungwa kitambaa, wakahojiwe katika orofa za juu. Ilhali wengi walinyamaza kwa hofu, Mirugi, pamoja na wafungwa wenzake Wanyiri Kihoro na Mukaru Ng'ang'a, alimwagiza wakili Gibson Kamau Kuria aishitaki serikali kwa mateso hayo. Na Kuria alipotoa ilani ya madai, Februari 1987, naye akatiwa kizuizini. Naam, dola yenye askari na magereza iliihofu karatasi ya wakili, kwa kuwa karatasi ile ilitaka dhulma ielezwe hadharani mbele ya hakimu.

Mwaka 1990 Mirugi alikamatwa tena, pamoja na mwanasiasa Koigi wa Wamwere, akashitakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo, asiachiliwe hata Januari 1993.

Baada ya kuingia bungeni alipewa wadhifa wa Waziri Msaidizi wa usalama wa ndani katika Ofisi ya Rais, na katika utumishi huo ndimo yalimomfika mauti: tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya kijeshi iliyowachukua viongozi waliokwenda kuzipatanisha jamii za Marsabit ilianguka, wakafa watu 14, naye mbunge Bonaya Godana akiwa miongoni mwao.

Ni elimu njema kijana kusoma habari za Abraham Lincoln, wakili wa Springfield aliyeshika urais wa Marekani mwaka 1861. Walakini, enyi wazazi na walimu wa Nakuru, wasimulieni watoto pia habari za wakili huyu wa mjini kwao, wapate kufahamu kwamba haki ya mnyonge haisimami mpaka apatikane wa kuidai.