Jino la kupandikiza lahitaji mfupa imara na subira

WENGI waliong'oka meno hudhani kuwa jino la kupandikiza hutiwa asubuhi na jioni mtu akatafuna nyama choma. Sivyo. Daktari hutoboa mfupa wa taya na kupachika skrubu ndogo ya titani, metali ambayo mfupa huikubali na kushikamana nayo. Mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alimtibu mgonjwa wake wa kwanza kwa njia hiyo mwaka wa 1965. Kwa kawaida mfupa huchukua miezi 3 hadi 6 kushika. Ndipo jino lenyewe huvishwa juu ya skrubu.

Swali la kwanza basi si bei, ingawa ndiyo huulizwa mbele, bali ni hali ya mfupa. Pengo likikaa miaka mingi, taya husinyaa, na huenda mgonjwa akalazimika kuongezewa mfupa kwanza. Wavutaji sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa wamo hatarini zaidi skrubu kulegea. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa sharti amwarifu daktari mapema.

Skrubu haiozi, lakini ufizi unaoizunguka huugua usiposafishwa. Kabla ya kulipa, mgonjwa aulize pia ni nani atakayegharamia matibabu upya iwapo skrubu itakataa kushika.