Barua Mbili za Udaktari: Hesabu Mpaka Mwaka wa Sita

Mtoto akipata nafasi ya kusomea udaktari, furaha huenea kota nzima. Akipata nafasi mbili katika vyuo viwili, furaha hiyo huchanganyika na mashaka, kwani mwanafunzi ni mmoja na hawezi kuketi katika madarasa mawili. Hapo ndipo wazazi, majirani na marafiki wa kantini huanza kutoa ushauri, kila mmoja kwa nia njema, na aghalabu kila mmoja kwa kutazama jambo moja tu, yaani jina la chuo.

Tuchukue mfano wa nyumba ya sajini mmoja katika kambi ya Makenke mjini Mbarara, yaliko makao ya Divisheni ya Pili ya jeshi la UPDF. Binti yake wa kwanza amefaulu vema masomo ya sayansi. Mkononi ana barua mbili za kukubaliwa: moja ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, na nyingine ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Zote mbili ni za kujilipia. Siku ya kuripoti imebakiwa na majuma matatu.

Baba hakungoja majuma hayo. Jioni ile ile alikwisha kuwatangazia wenzake kantini kwamba binti yake anakwenda Makerere, nao wakampongeza kwa kumshika mkono. Mama hakupinga wala hakushangilia. Alitafuta daftari na kalamu.

LANGO MOJA LA ZAMANI

Si ajabu baba kuvutwa na jina hilo. Mafunzo ya utabibu ya Makerere yalianza mwaka 1924 katika hospitali ya Mulago. Kwa miaka mingi vijana wa Uganda, Kenya na Tanganyika waliotaka kuwa madaktari bila kuvuka bahari walikuwa na lango hilo moja tu la kubisha. Dar es Salaam ilipata shule yake ya udaktari mwaka 1963, na Nairobi ikafuata mwaka 1967. Ndani ya Uganda, Makerere iliendelea kuwa peke yake hadi mwaka 1989, kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Mbarara, nacho kikaanza na udaktari.

Kwa hiyo mzazi aliyezaliwa kabla ya mwaka huo alikua akijua kwamba daktari ni mtu wa Makerere. Hakukosea, maana ndivyo ilivyokuwa. Lakini leo hali ni nyingine. Shahada itolewayo na vyuo vyote viwili ni ya udaktari na upasuaji, masomo ni ya miaka mitano kote, na wahitimu wa pande zote mbili husajiliwa na baraza moja la madaktari la taifa. Mgonjwa alazwaye usiku hamwulizi daktari amepita lango gani.

DAFTARI LA MAMA

Mama alianza kwa kuandika namba 10. Hiyo ni idadi ya mihula katika miaka mitano, miwili kwa kila mwaka. Kisha akaandika jambo ambalo nyumba nyingi hulisahau: baada ya mihula hiyo kuna mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini, kabla daktari hajapata usajili kamili. Mwaka huo una posho ya serikali, lakini posho hiyo imewahi kuwa chanzo cha migomo ya madaktari vijana. Mzazi mwenye busara haitii katika hesabu kama fedha iliyokwisha kufika mfukoni.

Chini ya hapo aliorodhesha ada ya masomo, ada nyingine za chuo, mitihani, chumba, chakula, nauli, vitabu, koti jeupe na chombo cha kusikilizia mapigo ya moyo. Tofauti ndogo ya mwezi mmoja hukua ikizidishwa kwa miaka. Tuseme maisha ya Kampala yanazidi ya Mbarara kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na mwanafunzi yuko chuoni miezi 9 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 1,350,000 kwa mwaka, na 6,750,000 kwa miaka mitano. Fedha hizo zingetosha kuwasaidia wadogo zake watatu walio nyuma yake shuleni.

Kisha mama akaandika mstari ambao baba hakupenda kuusoma. Sajini amebakiza miaka mitatu ya utumishi. Maana yake ni kwamba mwaka wa tatu wa binti chuoni ndio mwaka wa mwisho wa mshahara wa baba. Mwaka wa nne na wa tano, ambao mwanafunzi hushinda wodini na hawezi kuacha masomo ili atafute kibarua, utalipwa na nini?

"Baba watoto," mama alisema, "muhula wa kwanza tutauza ng'ombe. Wa pili utakopa. Mimi nauliza wa saba."

Askari wengi hukopa kwenye chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi hukopa kwenye Exodus. Ni vyama vya msaada mkubwa, lakini mkopo wao hukatwa katika mshahara. Anayekaribia kustaafu ahesabu miezi ya makato iliyobaki kabla ya kutia sahihi. Na kiinua mgongo kisigawanywe kwa maneno kabla ya kupokewa, kwa kuwa fedha hiyo hiyo ndiyo itakayojenga nyumba familia itakaporudisha kota ya serikali.

UKARIBU NAO UNA GHARAMA

Hapo ilionekana kama Mbarara imeshinda, na majirani walilisema wazi: binti atalala nyumbani, atakula nyumbani, hatalipa chumba. Ushauri huo ni mzuri ukiutazama haraka, lakini una matobo mawili.

Tobo la kwanza ni kwamba nyumba ya askari si nyumba yake. Leo yuko Makenke. Amri ya uhamisho ikija, baada ya muda mfupi yuko Karamoja au kwingineko, na familia hulazimika kujipanga upya. Atakapostaafu, kota itarudi kwa jeshi. Anayechagua chuo kwa sababu ya kota amejenga juu ya ardhi ya mwenye mamlaka ya kumhamisha.

Tobo la pili binti mwenyewe ndiye aliyelitaja, kwa adabu, akiwa ameinamisha macho. "Mama, nikikaa hapa nitakuwa daktari wa jioni. Mtoto akiumwa, nitaitwa. Mgeni akija, nitapika. Maji yakikatika, nitakwenda kuchota. Wenzangu watakuwa wanasoma mifupa na mishipa."

Mama alinyamaza kwa muda mrefu, maana ilikuwa kweli. Binti wa kwanza katika nyumba nyingi ni mama wa pili. Mtoto wa kiume akisomea karibu na nyumbani, huachiwa meza na taa. Wa kike huachiwa jiko na mtoto mchanga. Familia inayomweka binti chuo cha karibu hapana budi imwondolee kazi hizo, ama sivyo itakuwa imelipa ada ya mwanafunzi na kumpokonya saa za kusomea.

WAGONJWA NDIO KITABU

Katika mwaka wa kwanza na wa pili mwanafunzi husoma maumbile ya mwili, kazi za viungo na kemia ya mwili. Baada ya hapo kitabu chake kikuu ni mgonjwa. Kwa hiyo yafaa kuuliza ni hospitali gani atajifunzia, na ni wagonjwa wa namna gani watakaopita mikononi mwake.

Makerere ina Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya taifa, yenye mabingwa wa fani nyingi. Mwanafunzi aonaye mbele yake ubingwa wa fani adimu, na ambaye nyumba yao inaweza kumlipia mpaka mwisho, ana sababu njema ya kwenda huko.

Mbarara ina hospitali ya rufaa iliyo mlango kwa mlango na chuo. Tangu mwanzo chuo hicho kimesisitiza kuwapeleka wanafunzi wake vijijini, wakaone ugonjwa unapoanzia: kisima kichafu, ujauzito usiopimwa, mtoto aliyecheleweshwa kupelekwa zahanati. Wagonjwa wake hutoka wilaya za jirani, na miongoni mwao wamo wakimbizi wa Nakivale, makazi yaliyoko wilaya ya Isingiro, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Leo yamo mataifa mengi, wakiwemo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali.

Katika wodi kama hiyo, mtoto wa kambini ana mali asiyoijua. Kiswahili alichokulia kota ndicho atakachomwulizia mama wa Kikongo maumivu yameanza lini, bila kutafuta mkalimani. Masomo ni kwa Kiingereza, lakini mgonjwa hutaja uchungu wake kwa lugha aijuayo.

MWENZAKE WA NAKIVALE

Binti huyo ana rafiki waliyesoma naye sekondari, kijana wa Kikongo anayeishi Nakivale. Yeye naye, katika mfano wetu, ana barua mbili: moja ya Mbarara, na nyingine ya chuo kimoja mjini Bukavu, alikozaliwa. Kule ana mjomba wa kumpa chumba, na masomo ni kwa Kifaransa, lugha aliyoiacha akiwa darasa la nne. Tena mji huo uliingia mikononi mwa M23 mwezi wa Februari 2025. Juu ya hayo, mkimbizi anayerudi kwa hiari yake katika nchi aliyoikimbia aweza kupoteza hifadhi aliyopewa. Kabla ya kuhesabu unafuu wa chumba, yampasa aulize jambo hilo katika ofisi zinazohusika na wakimbizi.

Upande wa Mbarara shida yake ni fedha. Mkopo wa bodi ya serikali ya Uganda iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014 ni wa raia. Yeye hutazamia ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa kwa msaada wa Ujerumani. Waombaji ni wengi kuliko nafasi. Barua ya chuo si barua ya ufadhili, na kijana asimruhusu mama yake auze shamba la mahindi kwa kudhani ya pili itafuata ya kwanza. Aandike maombi mapema, na akiomba chuo kimhifadhie nafasi mpaka mwaka unaofuata, jibu alipate kwa maandishi.

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

1. Je, chuo kimetambuliwa na baraza la madaktari? Swali hili litangulie mengine yote, hasa kwa vyuo vipya na vya nje ya nchi.

2. Ada zote ni kiasi gani kwa miaka yote mitano, na huweza kupanda? Ombeni karatasi ya ada kwa msajili mwenyewe, wala si kwa mtu aliyesikia.

3. Nani atalipa mwaka wa nne na wa tano? Andikeni jina la mtu au mfuko, si neno "Mungu atajalia" peke yake.

4. Kama mtahitaji mkopo wa bodi, kumbukeni kwamba husaidia ada za chuo. Chakula na chumba hubaki juu ya familia.

5. Mwanafunzi atalala wapi iwapo mzazi atahamishwa, atastaafu au atafariki?

6. Mwanafunzi mwenyewe anasemaje? Aulizwe faraghani, si mbele ya wageni.

UAMUZI

Usiku wa tatu baba alilichukua daftari, akalisoma peke yake mpaka ukurasa wa mwisho. Asubuhi alimwita binti yake.

"Mwanangu, Makerere nilikuwa naitaka mimi. Wewe wataka nini?"

"Baba, nataka kumaliza," alijibu.

Wakakata shauri pamoja: Mbarara, lakini si kulala kota. Atapangiwa chumba kidogo karibu na hospitali pamoja na msichana mwenzake, na atakuja nyumbani Jumapili. Kodi yake itatoka katika ile fedha ambayo Kampala ingeimeza, na sehemu itakayobaki itawekwa akiba kwa ajili ya mwaka wa nne na wa tano. Mdogo wake wa kiume ataanza kuchota maji.

Ilibaki kazi moja, na kwa baba haikuwa nyepesi. Jioni alikwenda kantini, wenzake wakamwuliza, "Afande, daktari wa Makerere anaondoka lini?" Akavuta kiti, akawaambia, "Anakwenda Mbarara, na miaka yote mitano nimeihesabu." Mmoja alicheka. Mwingine, mwenye mtoto wa kidato cha tano, alimwomba amwonyeshe daftari.

Waganda wanamkumbuka Daktari Matthew Lukwiya, aliyesomea Makerere, akaenda kutumika katika hospitali ya Lacor, Gulu. Ebola ilipozuka mwaka 2000 alibaki na wagonjwa na wauguzi wake, akaambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba mwaka huo. Anaheshimiwa kwa kazi aliyoifanya Lacor, baada ya masomo kwisha. Lakini ili kijana afike wodini, lazima kwanza amalize, na kumaliza kwake huanzia katika hesabu ya kweli iliyofanywa nyumbani, mezani, baba na mama wakiwapo, na mtoto akisikilizwa. Haraka haraka haina baraka. Majuma matatu yanatosha, ikiwa hayatapotezwa kwa kutangaza.