Utengamao na Ubora wa Maisha ya Mtoto Mwenye Mgongo Wazi: Mfano wa Kijabe

Mai Mahiu, jina ambalo kwa Kikikuyu lina maana ya maji moto, ni mji ulio chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Juu yake, kwenye mteremko wa Kijabe, ipo hospitali iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1915. Jirani nayo, mwaka 1998, ilifunguliwa hospitali ya CURE inayotibu viungo vya watoto wenye ulemavu. Miongoni mwa watoto wanaofikishwa Kijabe wamo wenye mgongo wazi. Makala haya yanakusudia kueleza maana ya utengamao kwa watoto hao, na sababu ya ufanisi wake kutopimwa kwa kisu cha mpasuaji peke yake.

Mgongo wazi hutokea pale mfereji wa neva wa kiinitete unaposhindwa kujifunga katika siku 28 za mwanzo wa mimba, mara nyingi kabla mama hajajitambua kuwa ni mjamzito. Upungufu wa asidi ya foliki huongeza hatari hiyo. Ndiyo maana tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inadai unga wa mahindi na wa ngano unaofungashwa viwandani utiwe virutubishi. Imani kwamba hali hii ni laana haina msingi wowote.

Upasuaji hufunga jeraha la mgongo, lakini haurudishi neva zilizokwisha kuharibika. Aghalabu miguu hubaki dhaifu, na kibofu na utumbo hukosa udhibiti. Baadhi ya watoto huwa pia na kichwa maji, nao hutiwa mrija wa kuteremsha maji hayo hadi tumboni. Hapo ndipo utengamao unapoanza.

Mfano bora ni kibofu. Mkojo usiotoka wote huharibu figo polepole, na zamani figo ndizo zilizowaua wengi. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba kibofu chaweza kumwagwa kwa mrija safi, si lazima uliotakaswa hospitalini, mara kadhaa kwa siku. Kazi hiyo haihitaji daktari. Yahitaji mikono iliyonawa na ratiba isiyovunjwa. Kwa hiyo siku za kulazwa wodini huwa pia siku za darasa: mama hufundishwa kutumia mrija, kukagua ngozi isiyohisi maumivu ili vidonda visichimbike, na kunyoosha viungo. Mtoto akikua, hujifunza kujihudumia mwenyewe.

Je, ubora wa maisha ni nini? Shirika la Afya Duniani huueleza kuwa ni jinsi mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, katika utamaduni na maadili ya jamii yake, akizingatia malengo na matarajio yake. Kwa kipimo hiki, mtoto asiyetembea lakini aketiye darasani akiwa mkavu, asiyenuka wala kuchekwa, amepiga hatua kubwa. Kinyume chake, aliyepasuliwa vyema kisha akafichwa nyumbani hajatengamaa.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoguswa. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Lugha yetu imerithi kiwete na kilema, maneno yenye kiambishi cha ngeli ya vitu, ingawa upatanisho wake ni wa viumbe hai. Kusema mtoto mwenye mgongo wazi ni kumtanguliza mtoto, hali yake ikafuata. Aidha, neno utengamao lenyewe lafaa kuenezwa, kwani hubeba maana ya kutulia na kuwa imara, si kurekebishwa kama chombo kibovu.

Wahenga walinena kuwa hujafa hujaumbika. Mama ateremkaye Mai Mahiu na mwanawe mgongoni huenda bila wodi wala muuguzi. Atakachokuwa nacho ni mrija, sabuni, na maneno atakayoyasikia kwa majirani. Maneno hayo ni sehemu ya tiba.