Shahidi ni Mtu, Mashine ni Tarishi

Mjini Machakos, chini ya vilima vya Iveti, nimekutana na vijana wahandisi wa programu za kompyuta. Mezani walikuwa na mchoro wa mtandao wanaotaka kuupima: mkulima aonaye mahindi yake yameota kuvu hupeleka habari kwa simu, kompyuta ikazikusanya habari za vijiji na kuzionyesha katika ramani, kisha maafisa wa afya wakatahadharishwa.

Jambo lenyewe si la mchezo. Mwaka 2004 sumu ya kuvu iliwapata watu 317 mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, na Machakos pia. Waliofariki ni 125.

Mfano wa mtandao kama huo wanao nyumbani. Januari 2008, nchi ilipokuwa ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman walianzisha Ushahidi. Raia aliyeona ghasia alipeleka habari, nayo programu ikaitia katika ramani.

Lakini neno hilo lina masharti yake. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu tulifunzwa kuwa hadithi ya Mtume haipokewi kwa uzuri wa maneno peke yake. Huulizwa sanadi: nani kaipokea kwa nani, na je, ni mwaminifu? Nikawauliza: "Wanangu, katika mchoro huu sanadi iko wapi?"

Binti mmoja akacheka. "Mzee, hapo ndipo tunapobishana."

Maana kuvu huonekana kwa macho, sumu haionekani. Habari ya uongo yaweza kumfilisi mwenye ghala. Ya kweli ikipuuzwa yaweza kuzika jamaa nzima. Kompyuta peke yake haiwezi kutenganisha mawili hayo. Lazima mtu afike, achukue mahindi kidogo, yapimwe katika maabara.

Basi wakaupima mchoro upya, wakiacha habari ya kasi ya mashine. Kila mshale uliulizwa: nani kaona, nani kathibitisha, nani atakwenda? Mshale mmoja, utokao kwa kompyuta moja kwa moja hadi kwa mkulima, ulikosa mtu wa kuujibia. Wakaufuta, wakaandika mahali pake "mhudumu wa afya wa kijiji".

Kwa maoni yangu huo ndio upimaji wa haki. Mashine ni tarishi mwepesi, huchukua barua elfu kwa safari moja. Lakini tarishi haapi wala hahukumu.