Mbu wachache, hatari kubwa: jinsi maambukizi ya malaria yanavyopimwa Kilombero

Kliniki, akina mama huniuliza mara kwa mara: "Nesi, nyumbani kwangu mbu si wengi, mbona mtoto amekutwa na malaria?" Jibu ni kwamba wingi wa mbu si kipimo cha hatari. Jambo hili limechunguzwa hapa hapa kwenye Bonde la Kilombero na Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza kama maabara ndogo mwaka 1956.

Mbu anapataje vimelea?

Mbu hazaliwi na malaria. Mbu jike wa aina ya Anopheles huchukua vimelea anapomuuma mtu mwenye vimelea kwenye damu, hata kama mtu huyo hajisikii kuumwa. Vimelea hukua ndani ya mbu kwa takriban siku 10 hadi 14, kisha huingia kwenye tezi za mate. Kuanzia hapo, kila anayeumwa na mbu huyo anaweza kuambukizwa.

Mbu wengi hufa kabla ya kufikisha siku hizo. Wanaotuletea malaria ni wale wachache walioishi muda mrefu.

Wataalamu wanapimaje?

Hutega mtego wa taa karibu na kitanda ambacho mtu amelala ndani ya chandarua. Mbu wanaomfuata mtu huyo huvutwa na feni ndogo ya mtego. Asubuhi huhesabiwa na kutenganishwa kwa aina, kisha kichwa na kifua cha mbu hupimwa maabara kuona kama ana vimelea vilivyo tayari kuambukiza.

Baada ya hapo ni hesabu ya kuzidisha. Tuseme mtu anaumwa na mbu 10 kwa usiku, na katika kila mbu 100 mmoja ana vimelea. Mtu huyo ataumwa na mbu mwenye vimelea mara moja katika kila siku 10, yaani kama mara 36 kwa mwaka. Mara moja inatosha kumwangusha mtoto.

Kilombero wameona nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kijiji cha Namawala, ilikadiriwa kuwa mtu angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Tangu vyandarua vyenye dawa vienee, maambukizi bondeni yamepungua sana, lakini hayajaisha.

Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha jambo lingine. Mbu aina ya Anopheles arabiensis, anayependa madimbwi ya juani na majaruba ya mpunga, mara nyingi ndiye mwingi. Lakini sehemu kubwa ya maambukizi huletwa na Anopheles funestus, ambaye ni mchache zaidi. Huyu huzaliana kwenye maji yanayodumu, kama mabwawa na kingo za mito zenye majani, kwa hiyo hata kiangazi yupo. Hupenda damu ya binadamu na huingia ndani ya nyumba.

Nao wale mbu wa vyooni na maji machafu, wanaotupigia kelele usiku kucha, hapa kwetu si wao wanaoleta malaria.

Wewe mama au mlezi ufanye nini?

- Mlaze mtoto ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, masika na kiangazi, hata usiposikia mbu. Chandarua humzuia mbu kuuma, na dawa yake humuua kabla hajaishi muda wa kutosha kuambukiza.
- Mkihamia shambani msimu wa mpunga, beba chandarua. Kibanda cha shambani hakina kuta za kuwazuia mbu.
- Kama una mimba, wahi kliniki. Utapewa chandarua, pamoja na dawa ya kuzuia malaria muda wake ukifika.
- Mtoto akipata homa, mpeleke kupimwa ndani ya saa 24. Usimpe dawa kwa kubahatisha.
- Akikutwa na malaria na kupewa dawa mseto, mmalizishie dozi yote ya siku tatu hata akianza kucheza siku ya pili. Vimelea vikibaki kwenye damu, anaweza kuugua tena, na mbu watakaomuuma wanaweza kuvipeleka kwa ndugu zake.
- Akipata degedege, akilegea, akipoteza fahamu, akishindwa kunyonya au kunywa, au akitapika kila kitu, mkimbize kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kwa hiyo jioni, kabla ya kuzima taa, usijiulize kama kuna mbu wengi. Chomeka chandarua chini ya godoro pande zote.