Kununua Makao Kitui na Makueni: Ardhi, Maji na Ujirani

Ununuzi wa makao katika mtaa tulivu wa Uingereza na ununuzi wa makao katika kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya ni shughuli zenye lengo moja lakini zenye mwendo tofauti kabisa. Mnunuzi wa Uingereza kwa kawaida huuziwa nyumba iliyokwisha kujengwa, yenye barabara, maji ya mfereji na mtaro wa majitaka, na kazi kubwa ya wakili na mkaguzi wake ni kuthibitisha kwamba kuta, paa na rejista ya ardhi havina kasoro. Mnunuzi wa Wote, Emali, Kwa Vonza au viungani mwa mji wa Kitui mara nyingi huuziwa ardhi tupu, kisha yeye mwenyewe ndiye hujenga nyumba, hutafuta maji na wakati mwingine hufungua hata njia ya kuingilia. Kwa hiyo utulivu wa makao katika kaunti hizi hutegemea uchunguzi uliofanywa kabla ya fedha kulipwa kuliko unavyotegemea uzuri wa jengo linalofuata.

Haja ya viwanja imeongezeka kwa sababu zinazoeleweka. Serikali za kaunti zilizoanza kazi mwaka 2013 zilileta watumishi na wafanyabiashara Wote na Kitui. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka huohuo, kiliikuza Kwa Vonza. Na reli ya kisasa iliyozinduliwa mwaka 2017 ina vituo Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Hata hivyo, ardhi inayogawanywa kuwa viwanja ina historia ndefu kuliko mabango ya madalali yanayoitangaza, na historia hiyo ndiyo hueleza kwa nini viwanja viwili vinavyopakana vinaweza kuwa na usalama usiolingana kisheria.

Katika mila za Wakamba, ardhi ya malisho ya wote, iitwayo weu, ilitofautishwa na ng'undu, yaani shamba ambalo familia ilikwisha kulifyeka na kulilima, na ambalo lilirithiwa ndani ya ukoo. Sheria ya mwaka 1968 kuhusu ubainishaji wa haki za ardhi iliweka utaratibu wa serikali kupima mashamba, kusikiliza madai, kuandika majina ya wenye haki na hatimaye kuwapa hatimiliki. Kazi hiyo haikwenda kwa kasi moja kila mahali, na hasa katika Kitui zipo sehemu kubwa ambazo upimaji ulichelewa mno. Kutokana na hali hiyo, mnunuzi hukutana na aina tatu za ardhi: ile yenye hatimiliki iliyosajiliwa, ile ambayo bado iko katika ubainishaji, na viwanja vya masoko na miji vilivyogawiwa na mabaraza ya zamani kwa barua ya mgao, yaani barua inayomwarifu mtu kwamba ametengewa kiwanja kwa masharti fulani.

Kila aina ina hatari zake. Katika sehemu ambayo ubainishaji haujakamilika, rejista ikishatangazwa, sheria huwapa watu siku 60 za kuweka pingamizi, na asiyeridhika na uamuzi wa pingamizi ana siku nyingine 60 za kukata rufaa kwa waziri, hivyo anayenunua katikati ya mchakato huo hununua madai yanayoweza kushindwa. Barua ya mgao nayo haimpi mtu umiliki kwa nguvu zake yenyewe. Mahakama ya Upeo ililiweka wazi jambo hili katika kesi ya Torino Enterprises iliyoamuliwa Septemba 22, 2023. Mwenye barua lazima atimize masharti yake, alipe ada zinazotakiwa na akamilishe usajili, la sivyo hana haki ya umiliki anayoweza kumuuzia mwingine.

Hata hatimiliki haimalizi uchunguzi. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 huichukulia hati kuwa ushahidi wa umiliki, lakini huruhusu ifutwe iwapo ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria au kwa njia ya ufisadi. Katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyoamuliwa Aprili 21, 2023, Mahakama ya Upeo ilishikilia kwamba mtu ambaye hati yake inapingwa hawezi kujikinga kwa kuionyesha tu, bali ni lazima athibitishe chimbuko lake, yaani hatua zote halali ambazo ardhi ilipitia tangu ilipotolewa mara ya kwanza hadi kumfikia yeye. Kwa mnunuzi wa kawaida, maana ya uamuzi huo ni kwamba upekuzi rasmi wa rejista, unaoonyesha jina la mmiliki wa sasa na mazuio yaliyowekwa, ni mwanzo tu, na kwamba lazima aulize pia muuzaji aliipata ardhi kwa nani, lini na kwa nyaraka gani.

Swali hilo huibua suala la mirathi, ambalo pengine ndilo huvuruga mauzo ya mashamba kuliko lingine lolote. Ni kawaida shamba kuuzwa na mwana wakati hati ingali katika jina la baba au babu aliyefariki. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, na humhesabu kuwa mkosaji mtu anayejiingiza katika mali ya marehemu bila mamlaka. Kwa hiyo makubaliano yaliyoandikwa mbele ya wazee wa ukoo, hata yawe na sahihi za ndugu wote, hayachukui nafasi ya uthibitisho wa mahakama. Vilevile Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hudai ridhaa ya mwenzi kabla ya mali ya ndoa kuuzwa, na mke ambaye hakuulizwa ana haki ya kwenda mahakamani kupinga mauzo hayo.

Uchunguzi huo ukikamilika, hatua rasmi hufuatana kwa mpangilio maalumu. Mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi, uwe na sahihi za pande zote mbili, na ushuhudiwe. Iwapo ardhi ni ya kilimo, mauzo huhitaji kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi, ambayo wenyeji huiita tu bodi ya ardhi, na ombi la kibali hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe, kwa kuwa sheria ya mwaka 1967 huyatangaza kuwa batili mauzo yasiyopata kibali. Baadaye hulipwa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani ndani ya manispaa na asilimia 2 nje yake, ndipo uhamisho husajiliwa na hati mpya kutolewa. Mkenya anayeishi ughaibuni anaweza kumteua mtu kwa hati ya uwakili ili amfuatilie hatua hizi, lakini aliyepoteza uraia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99, kama Katiba inavyoagiza katika kifungu cha 65.

Vipimo navyo vinahitaji macho makali. Kiwanja kinachouzwa sana ni cha futi 50 kwa 100, ambacho madalali hukiita thumuni, yaani sehemu ya nane ya ekari. Ukweli ni kwamba futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, ilhali sehemu ya nane ya ekari ni futi za mraba 5,445, hivyo mnunuzi anayelipa bei ya thumuni hupungukiwa na futi za mraba 445, ambazo ni zaidi ya chumba kikubwa cha kulala. Mpimaji ardhi aliyesajiliwa anapaswa kufika kiwanjani, kuvitafuta vigingi vya mipaka na kuvilinganisha na ramani ya usajili kabla ya malipo makubwa kufanywa, kwa sababu jiwe la mpaka lililosogezwa huzaa ugomvi utakaorithiwa na watoto wa pande zote mbili.

Baada ya ardhi yenyewe, jambo linaloamua kama makao yatakalika ni maji. Mji wa Kitui hutegemea kwa kiasi kikubwa maji ya bwawa la Masinga na Mwingi ya Kiambere, lakini viwanja vingi vipya viko nje ya mabomba hayo, na nyumba katika eneo lenye kiangazi kirefu yafaa ijengwe kwa hesabu ya mvua. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 100, mahali panapopata milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 60,000, na hata sehemu ya tano ikipotea hubaki lita 48,000. Familia inayotumia lita 200 kwa siku huhitaji zaidi kidogo ya lita 30,000 ili kuvuka kiangazi cha Juni hadi mwisho wa Oktoba, ilhali tangi la lita 5,000 linaloonekana katika nyumba nyingi huisha kwa siku 25. Anayepanga bajeti ya ujenzi bila kuhesabu matangi huwa hajapanga bajeti ya makao.

Maji hayo humuunganisha mwenye nyumba na jirani zake. Katika mito ya msimu ya kaunti hizi, vikundi vya wananchi vimejenga mabwawa ya mchanga, yaani kuta za zege zinazokinga mto ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji yasikauke kwa jua. Mchanga ukizolewa, visima vya kijiji kizima hukauka, na ndiyo maana Makueni ilitunga mwaka 2015 sheria ya kuhifadhi mchanga na kudhibiti uvunaji wake. Mjenzi anayenunua mchanga uliochotwa usiku hupunguza maji atakayoyahitaji yeye mwenyewe, tena huwaudhi watu atakaoishi nao.

Kuishi na watu hao ndiko hasa kunakojenga utulivu. Utui, yaani ujirani wa Kikamba unaounganisha maboma kadhaa, ulikuwa na wazee wake wa kuamua mashauri, na mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, ndicho kilichochimba matuta ya fanya juu na kubeba mawe ya mabwawa. Taasisi hizo zingalipo kwa sura mbalimbali, na mgeni anayejitambulisha kwa mzee wa kijiji na naibu wa chifu, anayehudhuria kazi za pamoja na kuchangia mazishi, hupata ulinzi ambao ukuta hauwezi kumpa. Zaidi ya hayo, wenyeji hao ndio wanaojua shamba gani lina kesi, mto ulifurika hadi wapi, na wapi udongo mweusi hupasua misingi.

Ni muhimu kwa hiyo mnunuzi abadilishe mpangilio uliozoeleka, ambapo malipo ya kwanza hutangulia na maswali hufuata. Kwanza aulize jirani, kisha rejista, kisha mpimaji, kisha wakili, na malipo yaje mwisho. Muuzaji mwenye haki hatapoteza chochote kwa kungoja, na yule anayesisitiza fedha zitolewe leo kabla ya upekuzi kufanywa aachwe na kiwanja chake.